Wageni Wekundu katika Maboga ya Mama

Nianze na upumbavu wenyewe, nisiuzunguke. Nilibeba kibuyu kizima cha tududu twekundu, nikakifungua katika shamba la maboga la mama yangu, nikatumwaga jani kwa jani kama mtu anayepanda mbegu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa hata ninapiga mluzi.

Tududu twenyewe unatujua. Kamoja ni kama nusu ya punje ya hindi, mgongo wa mviringo, rangi nyekundu ao ya machungwa, madoa meusi juu yake. Kwetu kilimani, upande wa Nyamitaba, hatukuwa na shughuli nato. Mtoto anakaweka kwenye kidole, kanapanda mpaka ncha ya ukucha, kanafungua mgongo kama kabati, kanaruka. Shuleni njo tulikuja kusikia kwamba kwa Kifaransa kanaitwa kokisineli, na kwamba kule Ulaya watu wanakaita pia mnyama wa Mungu mwema. Nikanyoosha mkono.

“Frere, na mbuzi njo iko munyama ya nani?”

Somo lile nililimaliza nikipiga magoti karibu na mlango.

Frere alikuwa Mzungu mrefu wa misheni, mwalimu wetu wa mimea na hesabu, mwenye shingo iliyoiva kwa jua. Alikuwa na apareyi ya foto, yaani kamera, ya kukunjwa, yenye tumbo la ngozi linalotoka na kuingia kama akordeoni. Apareyi hiyo ilijua kupiga watu, nyumba na ng’ombe. Kitu kidogo kilipokuwa karibu, iliona ukungu tu. Yeye akaidanganya: akatoa kioo kimoja katika miwani yake ya zamani, akakifunga mbele ya jicho la apareyi kwa uzi wa kushonea viatu. Sasa iliona kadudu, lakini kwa sharti moja. Kadudu kawe mbali shubiri moja na vidole viwili, si zaidi, si chini. Akakata mwanzi wa urefu huo. Alitaka kupiga kokisineli majira yote ya mwaka: mvua ya kwanza, kiangazi kidogo, mvua kubwa, kiangazi kirefu. Filimu ilikuwa na picha nane, kwa hiyo kila majira picha mbili. Nane kwa mwaka mzima. Mimi kwa harusi moja tu ningezimaliza.

Kazi ya kutafuta kadudu, kushika mwanzi na kuzuia upepo kwa kitabu cha katekisimu akanipa mimi. Hakunichagua kwa akili. Ni kwamba siku ile nikipiga magoti karibu na mlango, kamoja kalikuwa kanapita kwenye mbao za dirisha, nami nikamwonyesha ili anisamehe. Hakunisamehe, lakini alikumbuka.

Mvua ya kwanza tulitukuta kwenye mashina ya mtama wa misheni. Kule kulikuwa na chawa weusi wa majani, wale wanaobanana kwenye shina mpaka linaonekana kama limepakwa masizi. Kadudu kalipita katikati yao, kanakula mmoja mmoja, bila haraka, kama mjomba na karanga. Frere alipiga picha, kisha akasimama pale akitabasamu kwa shina.

“Unaona? Huyu ni polisi wa shamba. Anakula adui wa mkulima. Mkulima mwenye kokisineli katika shamba lake, anaweza kulala.”

Niliyashika maneno hayo kuliko nilivyowahi kushika hesabu yoyote. Njo hapo shida yangu ilianzia.

Kiangazi kidogo tulitupata kwenye mtama uleule uliochipuka tena. Mvua kubwa ilikuwa taabu. Ukungu unashuka mchana, mikono inatetemeka, tududu tunajificha chini ya majani, na kila nikiinua jani tone la maji linaanguka juu ya kioo cha Frere. Tulingoja siku tatu kwa ajili ya picha mbili, na moja nadhani nilitia kidole changu. Kiangazi kirefu kilipofika, tududu tukatoweka kabisa. Mtama ulikuwa umevunwa, chawa wamekufa. Nilitafuta kwenye maua, kwenye migomba, hata ndani ya kofia ya katekista. Hakuna.

Nilitupata bila kutafuta, siku moja nilipofuata mbuzi wetu juu kwenye kilele cha kilima. Kuna mti mkavu umelala pale. Nilibandua ganda lake ili nichonge kitu, na chini ya ganda walikuwa wamejaa, wekundu juu ya wekundu, wamebanana kama wanafunzi siku ya sinema ya misheni. Walikuwa wamelala. Frere alipanda kilima na buti zake, akipumua kama mvukuto, akapiga picha mbili za mwisho akiwa amelala kifudifudi.

“Wanangojea mvua,” akasema kwa sauti ndogo, kama vile angewaamsha.

Sasa nieleze jambo la maboga, kwa sababu bila hilo kibuyu changu kingekuwa mchezo tu.

Dada yangu mkubwa aliolewa Walikale, kwa watu wa msituni, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu, binti akizaa mara ya kwanza, mama yake anaenda kumwona na kitunga cha vyakula. Kitunga hicho kinafunguliwa mbele ya wakwe, kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu watu wakione. Na kila kitu lazima kitoke katika shamba la mama mwenyewe, kwa jembe lake. Si cha kununua, si cha kuomba kwa jirani. Ukipeleka kitunga chepesi, wakwe hawatakuambia kitu. Watamwambia binti yako, kila siku, miaka yote. Ndugu wa shemeji yangu wana ndizi, wana mihogo, wana nyama ya kukausha juu ya moto, lakini maboga ya milimani yanawatoa mate. Dada alikuwa ameisha kujisifu nayo kule. Basi mama alitenga kipande chake kizuri zaidi, kile cha chini karibu na maji, akakipanda maboga matupu. Papa, baba yangu, alikuwa mbali akipasua mbao, kwa hiyo shamba lote lilikuwa mgongo wa mama.

Nami nikawaza, na ninapowaza, watu wa kwetu huwa wanaficha vyungu: kwa nini polisi wote wale walale juu ya kilima, na maboga ya mama yako peke yao huku chini? Tena, Frere akitaka picha mwaka ujao, sitatafuta. Nitamwambia apige picha mlangoni kwetu. Mvua ikaanguka, maboga yakatoa majani mapana, nikapanda kilele na kibuyu, nikapangusa ndani yake wote waliokuwa bado wamelala chini ya ganda. Yaliyobaki nimeisha kusema. Mama sikumwambia. Nilitaka aone maboga makubwa, aulize, ndipo nijibu kidogokidogo, kama mtu mkubwa.

Wiki mbili hazikupita, mama akarudi kutoka shambani na jani moja la boga mkononi. Katikati ya jani kulikuwa na mviringo. Si tundu la kutafunwa ovyo, mviringo kabisa, umechorwa, na ndani yake jani limebaki nyavu tupu.

“Leta kompa yako,” akasema.

“Kompa ya kufanya nini, mama?”

“Leta.”

Nikaleta ile kompa ya chuma ya kuchorea miduara shuleni. Akaisimamisha katikati ya jani, akafungua miguu yake, akaizungusha. Ikapita juu ya alama palepale.

“Haya. Mududu gani aliingia shule?”

“Mama, si mimi.”

“Kwenye hiki kilima, nani mwingine iko na hiki kitu?”

 Kwa kweli, ningekuwa mimi njo mama, ningejipiga. Akaifunga kompa katika pindo la kitambaa chake, akaenda nayo. Kesho yake Frere akauliza kompa yangu iko wapi.

“Iko kwa mama, Frere. Anafanya uchunguzi.”

Nikarudi kwenye nafasi yangu karibu na mlango.

Kilichonichanganya ni hiki. Jambo nililolifanya nililiona jema, na hakuna aliyelijua. Jambo ambalo sikulifanya, nimekamatwa nalo. Na miviringo haikukoma. Kompa ililala chini ya kichwa cha mama, na kila asubuhi kulikuwa na miviringo mipya, mpaka mama akaanza kuniangalia mikono wakati wa kula. Jumamosi nikaingia shambani mapema, nikakaa chini kati ya majani kumvizia mchoraji.

Alikuwa polisi wangu. Kadudu kalisimama juu ya jani, kakaanza kulikata kwa mdomo, polepole, kakizunguka, mpaka kakarudi palepale kalipoanzia. Mviringo. Kisha kakaingia katikati, kakaanza kula majani, kama mtu aliyejichorea sahani kwanza. Nikaangalia jani la pili, la tatu. Wote mezani. Nilifikiri labda wanakula chawa nisiowaona, kwa hiyo nikalamba jani. Jani la boga lina nywele za kuchoma. Ulimi ulibaki unawasha mpaka misa ya Jumapili.

Jumatatu nikamwambia Frere, bila kutaja kibuyu, kwamba kokisineli wanakula maboga ya mama.

“Haiwezekani,” akasema. “Kokisineli hali majani. Umeona vibaya.”

Mwenzangu wa benchi aliinama sikioni kwangu. “Ao hizo zako ziliacha dini.”

Nikacheka, lakini sikuwa na raha. Mama alikuwa ameanza kuhesabu miezi ya dada kwa vidole, na kuangalia shamba, na kuhesabu tena. Jirani mmoja alimwambia, “Mama, utakuja kubeba kwangu, nani atajua?” Mama akajibu, “Mimi.” Nikamsikia, na siku hiyo hata kumfanyia mtu mzaha nilisahau.

Katika wiki hiyo lori lililotoka Kirotshe lilileta bahasha ya Frere. Filimu ilikuwa imeoshwa mjini. Alizipanga picha nane juu ya meza, akaniita, na kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba rangi imekwisha. Tududu twangu twekundu tulikuwa twa majivu. Mtama wa majivu, kidole changu cha majivu. Mwaka mzima kwenye mvua, na hakuna wekundu hata tone. Nikafikiri fundi wa mjini ameiba rangi. Frere akaniambia filimu yake haijui rangi, haikujua tangu mwanzo.

“Sasa Frere, kwa nini tulikuwa tunatafuta twekundu?”

Akanyoosha bahasha kwa kiganja. Nadhani naye swali hilo lilimjia hapohapo kwa mara ya kwanza.

Niliendelea kuangalia, kwa sababu sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Rangi ikiondoka, vitu vingine vinajitokeza. Wale wa kwenye mtama, kila mmoja alikuwa na doa jeupe juu ya mgongo, pale jua lilipompiga, kama upara wa padri uliopakwa mafuta. Wale wa kilele, katika picha mbili za mwisho, hawakuwa nalo. Mgongo wao ulikuwa umelimeza jua, kama blanketi.

“Frere, hawa hawang’ai.”

Akachukua kile kioo cha miwani, akainama juu ya picha. Akaangalia ya kwanza, akaangalia ya nane, akarudi kwa ya kwanza. Shingo yake ikawa nyekundu zaidi.

“Twende kwa mama yako,” akasema.

Shambani alichukua kadudu kamoja, akakageuza kwenye mwanga. Mgongoni kalikuwa na vinywele vidogo sana, kama kitambaa cha flaneli. Mama alikuwa amesimama na jembe, hajui kwa nini Mzungu ameingia katika maboga yake bila kubisha. Frere akavua kofia.

“Mama, wadudu hawa ni ndugu wawili. Mmoja anang’aa, anakula chawa wa mimea. Mwingine hang’ai, anakula jani lenyewe. Mimi sikujua. Nilifundisha watoto kwamba wote ni marafiki. Kosa ni langu.”

“Frere,” mama akasema, “wewe iko na shamba hapa?”

“Hapana, mama.”

“Basi kosa haiko yako.”

Frere angenyamaza hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini mwalimu hawezi kuacha swali limelala. Akakuna kidevu, akaangalia juu kilimani.

“Kitu kimoja sielewi. Hawa tuliwapiga picha kule kwenye kilele. Wote walikuwa kule. Nani aliwashusha huku?”

Mama hakuangalia kilele. Aliniangalia mimi. Kisha akafungua pindo la kitambaa chake, akatoa kompa, akanipa.

“Chukua. Kwa hii nilikuonea.”

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilidhani nimepona.

“Sasa leta kibuyu.”

Mpaka leo sijui alijuaje kwamba ni kibuyu. Labda kilinuka. Tududu tule ukitugusa tunatoa maji ya manjano kwenye magoti, na maji hayo yana harufu ya majani mabovu. Harufu hiyo niliizoea vizuri, maana kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya shule, nilikuwa shambani nikitutoa mkono kwa mkono na kututia ndani ya kibuyu chenye maji ya majivu. Pamoja na vitoto vyao, vile vya manjano vyenye miiba, vinavyokaa chini ya jani. Asubuhi kuna baridi, havikimbii. Lakini mama alikuwa ameniwekea sharti: wale wanaong’aa niwaache, wao hawakukosa. Na alfajiri hakuna kinachong’aa. Nilikuwa ninainua kila kadudu upande jua linapotokea, ninangojea kama litaweka doa jeupe ao halitaweka. Kama Mungu mwema alikuwa na wanyama wake humo, ajue nilimwulizia kila mmoja. Nilikuwa ninafika shuleni nimechelewa, vidole vya manjano, ninanuka. Frere alinifungulia mlango bila kunipigisha magoti. Mwenzangu wa benchi akahama benchi.

Majani yaliyobaki yalizaa maboga manne. Kipande kizima, maboga manne. Habari ikafika kwamba dada amejifungua mtoto mwanamume. Mama akaacha boga moja kwa ajili ya mbegu, akaweka matatu chini katika kitunga, akajaza juu maharagi, mahindi, na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kibuyu kingine, nashukuru. Mimi njo nilibeba.

Siku mbili tulitembea, tukishuka kutoka kwenye majani ya ng’ombe mpaka kwenye miti. Msituni jua linaingia kama linaomba ruhusa. Karibu na mto mmoja niliona kadudu juu ya jani la mgomba, ka manjano, bila doa hata moja. Nikasimama na kitunga kichwani, nikitafuta kama kanang’aa. Chini ya miti ile huwezi kujua.

“Mama, huyu…”

“Kaache palepale.”

Kwa wakwe walitupokea vizuri, wakatupa maji na kiti. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, mwembamba, amefurahi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitunga, si kwangu. Mama ya shemeji yangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto, akakifungua mbele ya wanawake wote wa mji. Akainua maharagi, wakapiga makofi. Akainua kasiksi, wakapiga sana. Akainua boga la kwanza, la pili, la tatu. Akaingiza mkono tena, mpaka begani, akapapasa chini.

“Mukwe wangu,” akasema, “bibi ya mutoto wangu alituambia kule kwenu maboga inalala chini kama mawe. Njo haya tu?”

 Dada akainamisha uso juu ya mtoto, kama anamtafutia kitu masikioni. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, na kweli nilitaka kusema, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Mama akanikanyaga mguu. Kisha akazungumza, polepole, kwa heshima, bila kuniangalia. Wanawake walicheka mpaka mtoto akaamka. Yule mukwe akaja kunishika kidevu, akaniwekea nyama ya kwanza. Dada akainua uso, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsumbua na habari ya kitunga. Nyama ile niliila bila kujua kama nimetetewa ao nimeanikwa. Nilimwuliza mama njiani tukirudi, akasema nitazame ninapokanyaga. Kwa hiyo ninaandika hapa maneno yake kama alivyoyasema mbele ya watu, atakayeelewa anieleze:

“Mukwe, yalikuwa mengi. Yalikuliwa na wageni ya huyu mutoto. Aliwaita yeye mwenyewe, akawabeba mpaka kwetu, akawapa kila mumoja sahani yake. Na kwetu kule mulimani, mugeni hafukuzwi kabla hajashiba.”